Saa Elfu na Mia Tano: Hesabu ya Kusomea Urembo Marekani

Dada mmoja mwenye asili ya Bukavu alinijia Jumamosi akiwa na karatasi nne zilizobanwa pini. Anaishi Lexington, Kentucky, mji uliopokea Wakongo wengi hata Kiswahili sasa kinasikika kwenye foleni za maduka. Usiku anapanga maboksi ghalani. Mchana, watoto wakiwa shuleni, anasuka wateja sebuleni kwake. Ghala limemchosha. Anataka leseni na kiti chake mwenyewe katika saluni yenye kioo kirefu, na shule ya urembo ilikuwa imeshampa mkataba wa kusaini.

Aliweka kidole kwenye ukurasa wa pili. "Kaka, bei nimeiona. Lakini kila mstari unarudia saa, saa, saa. Mimi hapa nasoma au naajiriwa?"

Nilimwambia ameuliza vizuri kuliko wengi wanaokuja na fomu zao mkononi. Shule ya urembo Marekani inauza bidhaa moja, nayo ni saa. Anayeielewa saa ataelewa ada, ruzuku, mkopo, na hata deni linalomfuata mtu aliyeacha njiani. Asiyeielewa atatazama jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa na kudhani ameiona bei.

Nani anapanga saa

Serikali kuu ya Marekani haitoi leseni ya ususi. Kazi hiyo ni ya majimbo, na kila jimbo lina sheria yake inayoamua mtu asome saa ngapi kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani. Kentucky inataka saa 1,500 kwa leseni kamili ya kosmetolojia, yaani nywele, ngozi na kucha kwa pamoja. Pennsylvania inataka 1,250 na Florida 1,200. New York na Massachusetts zinaridhika na 1,000. Iowa kwa miaka mingi ilidai 2,100 kabla ya kupunguza. California ilikuwa na 1,600 hadi sheria mpya ilipoanza kutumika Januari 1, 2022 na kuzishusha mpaka 1,000. Texas nayo mwaka 2021 ilipitisha sheria ya kutoka 1,500 hadi 1,000.

Kichwa cha mteja wa New York hakina tofauti na cha mteja wa Kentucky, na mkasi unakata vilevile pande zote mbili. Lakini mwanafunzi wa Kentucky ana saa 500 zaidi za kulipia. Akihudhuria saa 24 kwa wiki, hizo peke yake ni wiki 21 za nauli, za mlezi wa watoto na za chakula cha mchana nje ya nyumba. Tena leseni haihami yenyewe: aliyeipata kwenye jimbo la saa chache anaweza kudaiwa nyongeza akihamia jimbo la saa nyingi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani, mtu ajiulize atafanyia kazi jimbo gani.

Jambo hili linawashangaza sana watu wa kwetu. Dar es Salaam au Bukavu, msichana anaingia saluni kwa fundi, analipa kidogo au halipi kitu, anafagia, anaosha vichwa, anagawa rasta, mpaka siku fundi anapomwambia, "Haya, malizia upande huu." Hakuna anayehesabu saa. Mkono ndio cheti. Marekani pia mkono unapimwa, lakini mlango wa chumba cha mtihani unafunguliwa na rekodi ya mahudhurio. Mwanafunzi anagonga kadi akiingia na kugonga tena akitoka, na muda aliochelewa hauingii kwenye hesabu. Mtu aliyesuka miaka kumi anakaa meza moja na binti ambaye hajawahi kushika kitana, na wote wawili wanaanzia sifuri.

Bei ndani ya bei

Mkataba wa yule dada nitauacha na tarakimu zake. Tutengeneze wetu wa kuhesabia: saa 1,500, ada dola 17,000, mkoba wa vifaa dola 2,000, usajili dola 100. Jumla dola 19,100. Mfano huu hauko mbali na hali halisi. Mwaka 2021 Institute for Justice, taasisi ya wanasheria inayopigania kupunguzwa kwa masharti ya leseni, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba wastani wa gharama za kusomea kosmetolojia ulipita dola 16,000, na kwamba wanafunzi waliomaliza kwa wakati uliopangwa hawakufika theluthi moja. Taasisi hiyo ina upande wake katika mjadala, ndiyo, lakini upande huo haubadilishi tarakimu za ada.

Hatua ya kwanza ni kugawa ada kwa saa. Dola 17,000 kwa saa 1,500 ni dola 11 na senti 33 kila saa. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha shule na shule, maana jumla peke yake inadanganya pale programu zinapotofautiana urefu.

Hatua ya pili ni mkoba. Ndani yake mna mikasi, vitana, pasi ya nywele, brashi, vitabu na vichwa vya mdoli vya kufanyia mazoezi. Uliza kama lazima ununue hapo shuleni, na uliza utarudishiwa nini ukiacha mapema. Kichwa cha mdoli kilichokwisha kukatwa nywele hakirudi dukani.

Hatua ya tatu ndiyo inayowakuta watu usingizini. Kila mkataba una tarehe ya kumaliza. Saa 1,500 kwa mwendo wa saa 24 kwa wiki ni wiki 63, kama hukukosa hata siku moja. Mtoto akiugua, gari likigoma, theluji ikifunga barabara, saa hazisogei lakini kalenda inasogea. Ikipita tarehe ya mkataba, shule nyingi hutoza kila saa iliyobaki kwa bei ya ziada. Aliyekosa saa nne kwa wiki kwa wiki 25 amebakiwa na saa 100. Tuseme kila moja ni dola 12: hizo ni dola 1,200 ambazo hazikuwamo kwenye jumla ya mwanzo, na zinakuja wakati ruzuku imeshaliwa.

Kuna bei ya nne isiyoandikwa popote. Saa 1,500 ukiwa ghalani kwa dola 15 kila saa ungeleta nyumbani dola 22,500 kabla ya kodi. Kwa yule dada, saa zenyewe ni ghali kuliko ada yake yote.

Na saa hizo hazipiti kwenye kitabu tu. Baada ya miezi ya mwanzo mwanafunzi anapelekwa kwenye saluni ya shule, anahudumia wateja halisi, mteja analipa bei nafuu, na pesa zinaingia shuleni. Wanafunzi wa shule za Marinello, California na Nevada, waliwahi kwenda mahakamani wakidai kwamba hiyo ni kazi na walipwe ujira. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliamua kwamba wao ni wanafunzi, kwa kuwa saa hizo ndizo zinazowafikisha kwenye leseni. Basi swali la "nasoma au naajiriwa" limeshafika mbele ya majaji, na jibu lao lilikuwa: unasoma.

Ruzuku inashuka kwa awamu

Msaada wa serikali kuu unaanzia kwenye fomu moja inayoitwa FAFSA. Inajazwa kwenye intaneti, bure kabisa. Anayekutoza pesa kwa fomu yenyewe anakuuzia maji ya mvua. Fomu inatazama kipato cha miaka miwili nyuma, hivyo aliyepoteza kazi mwaka huu amweleze mapema ofisa wa msaada wa shule, maana karatasi zinaonyesha enzi zake za neema. Mwombaji aliye chini ya miaka 24, asiye na ndoa wala mtoto, kwa kawaida huhesabiwa yuko chini ya wazazi na kipato chao huingia. Aliyevuka umri huo anahesabiwa peke yake, pamoja na mwenzi wake kama yupo.

Masharti matatu hukwamisha wengi wetu. La kwanza ni hadhi ya ukaazi: raia, mwenye kadi ya kijani na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaruhusiwa, ilhali aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi haruhusiwi. La pili ni elimu: unahitaji cheti cha sekondari au mtihani wa GED unaosimama badala yake. Mkimbizi ambaye vyeti vyake vilibaki Goma asikubali mtu "amtengenezee" cheti. Nitaeleza chini jambo hilo lilikomaje kwa shule moja. Njia ya salama ni madarasa ya watu wazima na GED. La tatu ni shule yenyewe: lazima iwe na ithibati, ambayo kwa shule nyingi za urembo hutolewa na tume iitwayo NACCAS, na iwe imeingia kwenye mpango wa msaada wa serikali kuu.

Ukipita hapo unakutana na ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi ukimaliza masomo. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395. Wengi husikia namba hiyo na kudhani ni hundi ya siku ya kwanza. Kwenye shule zinazohesabu saa, mwaka wa masomo ni angalau saa 900 na wiki 26, na ruzuku hukatwa vipande kufuata kipimo hicho. Kwa programu yetu ya saa 1,500, saa 900 za kwanza ni mwaka kamili: nusu ya ruzuku inatoka mwanzoni, nusu ya pili baada ya kukamilisha saa 450. Zinabaki saa 600, ambazo ni theluthi mbili ya mwaka, kwa hiyo ruzuku yake ni theluthi mbili, dola 4,930, nayo inatoka kwa mafungu mawili ya saa 300. Aliyestahili kiwango cha juu mwanzo hadi mwisho anapata dola 12,325. Kwenye jimbo la saa 1,000 mtu huyohuyo angepata kama dola 8,200.

Mambo mawili hapo yanastahili kukaziwa. Fungu linalofuata haliji kwa sababu mwezi umekwisha; linakuja saa zikitimia. Mwanafunzi wa kuchechemea ataona pesa zake zikichechemea naye. Na mwaka wa ruzuku huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo programu inayovuka Julai inaweza kuhitaji FAFSA mpya. Nimeona watu wakikatikiwa na msaada katikati kwa sababu tu hakuna aliyewakumbusha.

Ruzuku ya Pell ina kikomo cha maisha pia: asilimia 600, yaani sawa na miaka sita ya masomo kamili. Saa zetu 1,500 zinakula karibu asilimia 167. Kwa mama wa miaka arobaini anayetaka saluni, hilo si tatizo. Kwa binti wa miaka 18 ambaye baadaye anaweza kutamani uuguzi au ualimu, hiyo ni zaidi ya robo ya akiba yake ya elimu.

Pengo linalobaki hujazwa na mkopo wa serikali. Mwaka wa kwanza, aliye chini ya wazazi anaweza kukopa hadi dola 5,500. Anayejitegemea hadi dola 9,500. Riba ya mikopo hiyo kwa 2025–26 ni asilimia 6.39, na marejesho huanza miezi sita baada ya kuacha masomo. Umesoma vizuri: baada ya kuacha, si baada ya kupata leseni. Kuruhusiwa kukopa kiwango cha juu hakukulazimishi kukichukua chote. Mfano wetu, ukitoa Pell kamili, unabakiza dola 6,775. Hizo ndizo za kukopa, na hata hizo zinaweza kupungua kama shule inakubali malipo ya kila mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo ofisi ya udahili haitakutajia. Wanauchumi Stephanie Riegg Cellini na Claudia Goldin, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2023, walilinganisha shule binafsi za biashara zenye kozi zinazofanana. Zile ambazo wanafunzi wake wanapata msaada wa serikali kuu zilitoza ada kubwa zaidi kwa zaidi ya asilimia 70 kuliko zile zisizo kwenye mpango huo, na tofauti hiyo ilikaribiana na kiasi cha msaada wenyewe. Maana yake, ruzuku inaweza kuingia mkono mmoja na kutokea mwingine. Shule ndogo isiyo na Pell, yenye kibali cha jimbo na ada ya chini, inaweza kukugharimu sawa au pungufu, bila deni. Weka zote mbili kwenye karatasi moja kabla ya kuamua.

Ukiacha njiani

Hapa ndipo saa inapong'ata. Turudi kwenye mkataba wetu wa mfano. Mwanafunzi amepewa fungu la kwanza la Pell, dola 3,697 na senti 50, kwa saa 450. Baada ya saa 135 za ratiba, mama yake anaugua na anaacha. Sheria ya serikali kuu inasema msaada hupatikana kidogo kidogo: amekaa asilimia 30 ya kipindi, basi amestahili asilimia 30 ya fungu, kama dola 1,109. Zilizobaki, karibu dola 2,588, shule inazirudisha serikalini. Angekuwa amevuka asilimia 60 ya kipindi, fungu lote lingehesabiwa ni lake.

Wengi wanaishia hapo na kupumua. Lakini shule nayo ina sera yake ya marejesho, na sera hiyo haifuati hesabu ya serikali. Tuseme mkataba unairuhusu kubaki na asilimia 30 ya ada kwa aliyeacha kabla ya kufikisha sehemu ya kumi ya programu. Asilimia 30 ya dola 17,000 ni dola 5,100. Ongeza mkoba wa 2,000 na usajili wa 100, inakuwa 7,200. Toa ruzuku aliyostahili, dola 1,109. Mwanafunzi huyo anadaiwa zaidi ya dola 6,000 kwa saa 135, hana leseni, na saa zenyewe zitamfaa tu iwapo atapata rekodi yake na shule nyingine ikazipokea. Sera nyingi hudai ada yote kwa aliyevuka nusu ya programu.

Kwa hiyo jedwali la marejesho lisomwe kabla ya jumla ya ada. Na mtu mwenye dharura aombe likizo rasmi kwa maandishi kabla ya kuacha kugonga kadi. Likizo iliyoidhinishwa inasimamisha hesabu; kutoweka kimyakimya kunaianzisha.

Kilichoikuta Marinello

Marinello Schools of Beauty ilikuwa jina kubwa. Februari 2016 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikata msaada kwa matawi yake 23, na siku chache baadaye matawi yote 56 yakafungwa. Wizara ilisema shule hizo ziliomba msaada kwa wanafunzi wenye vyeti vya sekondari visivyo halali, ziliwapunja ruzuku wanafunzi waliostahili, na ziliwatoza saa za ziada kupita kiasi. Angalia makosa hayo: karibu kila moja linazunguka mambo tuliyoyataja hapo juu.

Aprili 2022 wizara ilifuta mikopo ya watu wapatao 28,000 waliosoma humo tangu 2009, jumla dola milioni 238. Uchunguzi ulikuta kwamba wanafunzi wengine waliachwa bila mwalimu kwa wiki au miezi, na kwamba stadi za msingi, kama kukata nywele, hazikufundishwa ipasavyo. Walikuwa wamenunua saa, na ndani ya saa hamkuwa na kitu.

Funzo la kwanza ni kwamba mkopo wa serikali una mlango wa kutokea shule ikifungwa au ikikudanganya, mlango ambao deni la shule yenyewe au la benki mara nyingi halina. La pili ni kwenda kuangalia kwa macho. Omba kukaa nusu siku kwenye saluni ya shule. Hesabu walimu. Tazama kama mwanafunzi aliyesimama na ufagio yuko hapo kwa dakika tano au kwa asubuhi nzima. Kisha tafuta shule hiyo kwenye College Scorecard, tovuti ya wizara inayoonyesha wangapi wanamaliza, wanaondoka na deni kiasi gani na wanapata kipato gani.

Kama unachotaka ni kusuka

Kabla hajakunja karatasi zake nilimuuliza yule dada wateja wake wanataka nini. Alihesabu kwa vidole: rasta, twende kilioni, mabutu ya watoto. Anayetaka dawa au rangi ni mmoja mmoja.

Mwaka 2012, katika jimbo la Utah, jaji wa serikali kuu David Sam alisikiliza kesi ya Jestina Clayton, mhamiaji kutoka Sierra Leone aliyejifunza kusuka tangu utotoni. Jimbo lilimtaka apate leseni ya kosmetolojia, saa zipatazo 2,000, ambazo karibu hazikugusa ususi wa Kiafrika. Jaji alikataa: kumlazimisha msusi asomee kitu ambacho hafanyi ni kinyume cha Katiba. Baada ya hapo majimbo mengi yaliwaachilia wasusi, Texas mwaka 2015, Kentucky na Iowa mwaka 2016, Minnesota mwaka 2019. Mengine yana leseni ndogo: Pennsylvania inataka saa 300 kwa msusi. Dada yangu wa Lexington hahitaji hata saa moja kuendelea na rasta zake. Leseni ni ya dawa, rangi na mkasi.

Kwa anayezitaka hizo tatu, shule binafsi si mlango pekee. Baadhi ya vyuo vya umma vya jamii vinafundisha kosmetolojia, mara nyingi kwa ada ya chini, na Pell inatumika huko pia. Vituo vya ajira vya umma vinaweza kulipia mafunzo kwa fedha za sheria ya WIOA ya 2014, mradi shule imo kwenye orodha ya jimbo. Uliza kabla ya kusaini, kwa sababu wakishakuta umejiandikisha huenda wasilipie cha nyuma. Majimbo kama California yana uanagenzi, saa 3,200 ndani ya saluni chini ya fundi mwenye leseni. Ni zaidi ya mara tatu ya saa za shule, lakini huko unalipwa. Na wapo wanaotoa ufadhili, kama Beauty Changes Lives, kwa wanafunzi wa fani hii.

Dada alisikiliza yote. Nilidhani atasema atabaki na rasta. Akasema hapana, huyo mteja mmoja mmoja wa rangi ndiye anayelipa vizuri, na kila mara anampeleka kwa mwingine. Leseni anaitaka bado.

Akaomba kalamu. Akageuza ukurasa wa mwisho wa mkataba na kuandika siku saba, chini ya kila siku saa za ghala, za watoto, za usingizi. Alijumlisha polepole, akafuta, akajumlisha tena. Zilizobaki zilikuwa 18 kwa wiki. Mkataba ulikuwa umeandikwa kwa 24. Tukagawa pamoja: saa 1,500 kwa 18 ni wiki 84, siyo 63. Wiki 21 zote za mwisho zingekuwa saa za ziada, zinazotozwa moja moja, na mkataba ungekuwa umemfilisi bila yeye kukosa siku hata moja aliyoipanga.

Jumatatu alirudi shuleni na karatasi ileile, haijasainiwa, akiwa na swali moja: "Mkataba wa saa 18 kwa wiki mnao?"